Chaza Weupe wa Bi Mize

Habari ya kifo cha Bi Mize ilinifika nikiwa nimekaa kwenye kigoda uwani kwangu, mtaa wa Malindi, nusu ya uso nimeshanyoa na nusu ina povu. Simu ililia, nikaipokea kwa mkono wa maji, na sauti ya Riziki, mdogo wake, ikasema bila salamu kwamba dada yake amezikwa jana baada ya laasiri na hitma itasomwa keshokutwa. Nikasema inna lillahi. Akaitikia naam, yeye Bwejuu, mie mjini, kisha akasema, "Basi, nshakwambia," na kukata. Nilirudi kwenye kioo nikamaliza kunyoa. Sikujikata hata mara moja, na hilo lilinitia aibu zaidi kuliko kama ningelia, maana niliona jinsi mkono wangu ulivyozoea kutulia mbele ya jambo lile.

Watu wa umri wangu wakiandika maisha yao huanza na babu aliyetoka Hadhramaut na shamba la mikarafuu lililokuwapo na sasa halipo. Mie nayaruka hayo, kila nyumba ya mtaa huu ina ya kwake ya namna hiyo. Nina mwaka mmoja tu wa kueleza, mwaka wa tisini na nane, na ndani ya mwaka huo ni miezi minne na siku kumi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao mtu hawezi tena kusema alikuwa kijana hajui. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kazi ya kupima joto la bahari. Kituo kimoja cha utafiti hapa mjini kiliniajiri na kunipeleka kijiji cha Bwejuu nikae mwaka mzima. Kila siku maji yakitoka, pwani ikabaki tupu, nilitembea mpaka karibu na mwamba, nikatumbukiza kipimajoto mahali patano, nikaandika daftarini, nikarudi. Wanawake waliokuwa kwenye mashamba yao ya mwani walinicheka. Riziki ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Akiniona natokea na daftari langu kwapani huita kwa sauti ifike hadi kwa wenzake: "Bwana Kipimajoto, bahari ina homa leo? Ipe panadoli basi, mtaalamu mzima." Jina hilo likanishika, na mpaka leo Bwejuu kuna watu wazima hawajui kwamba nnaitwa Salum.

Nilipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Mzee Makame, mume wa Bi Mize. Kilikuwa chumba cha kuta nene za mawe na chokaa, kitanda cha kamba, mkeka, na dirisha dogo lililotazama uwani kwao. Harufu ya mwani unaokauka ilikaa ndani ya mto wangu. Chakula kililetwa na Makame mwenyewe, sinia limefunikwa kawa: wali wa nazi na mchuzi wa changu, siku nyengine muhogo na pweza, na mara moja kwa mwezi, kwa heshima ya mgeni, mchuzi wa chaza mkubwa, nyama yake ngumu kidogo na tamu, ikiwa na chumvi yake yenyewe. Asubuhi baada ya chai niliwasikia mtu na mkewe wakizungumza upande wa pili wa ukuta, na kwa wiki mbili za mwanzo niliamini wanasengenya majirani. Makame husema, "Hakimu vipi?" Bi Mize hujibu kwamba Hakimu kakasirika, kafunga mdomo tangu jana. "Na Bibi Harusi?" Bibi Harusi kajipamba, anataka kutazamwa. "Mpemba?" Mpemba kahama mwenyewe kidogo, huyo hatulii mahali. Ndipo Makame akanieleza, akicheka mpaka akakohoa, kwamba hao ni chaza.

Siwasemi wale wadogo wanaobanduliwa kwenye mawe. Chaza hawa ni wakubwa, gamba lina mikunjo kama bati la paa, wengine wana upana wa sinia dogo, na hukaa wameachama kuelekea juu. Midomo yao ina rangi ambazo sijaziona kwenye kitu chengine, si kitambaa wala ndege: buluu, kijani, zambarau, na madoa ya dhahabu yanayotembea ukisogeza kichwa. Wanawake wa ukoo wa Bi Mize walikuwa na desturi ya kuwachukua wakiwa wachanga mwambani, wakawaweka kwenye dimbwi lisilokauka hata kwenye bamvua kubwa, maji yanapotoka mbali kabisa, na kulizungushia mawe. Waliliita zizi. Binti alirithi zizi kwa mama yake. Alitoa mmoja kwa mgeni, kwa Idd au kwa mzazi aliyejifungua, na kila alipotoa mmoja alitafuta wawili wachanga wa kurejesha. La Bi Mize lilikuwa na chaza wapatao arubaini, na Makame alisema kwa utani kwamba ndio wake wenza wa mkewe.

Makame alifariki siku ya tano ya Ramadhani. Alikuwa anachota maji ya udhu, akakaa chini kama aliyechoka, hakuinuka. Bi Mize akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani bila pambo wala kuonekana na wanaume. Mie, mwanamme asiye ndugu, sikuweza kubaki katika nyumba ile. Nikahamia ya pili, ukuta kwa ukuta, kwa Riziki na mumewe.

Siku chache baada ya Idd Ndogo Riziki alinifuata nilipokuwa naosha viatu vyangu vya plastiki, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Alisema dada yake ana shida na mie, nende mpaka mlango wa uwani nisimame hapo hapo, nisisogee. Nilikwenda. Mlango ulikuwa umeegeshwa, nyuma yake limetundikwa shuka, na Riziki akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, katikati yetu, awe shahidi. Sauti ya Bi Mize ilitoka chini kidogo kuliko nilivyotazamia, nikajua amekaa. Alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia mjini. Zizi la mwanamke aliye edani halisogelewi na mwanamke mwenziwe. Halipitwi karibu wala halichunguliwi, maana linahesabiwa ni sehemu ya nyumba yake, na nyumba yenye eda haichunguliwi. Kazi ya kuliangalia hufanywa na mtoto wa kiume wa nyumba hiyo. Yeye hakujaaliwa mtoto. Mie nilikuwa mgeni niliyekula sinia la Makame, na kila siku nilipita kule. Akaniomba niwe macho yake.

"Ukiona wanaanza kupauka midomo," akasema, "usingoje. Wahamishe mlangoni, pale mwamba ulipokatika, maji yanapopita na kupoa. Mmoja mmoja, kama unabeba mtoto, mdomo juu. Maji mawili, yakitoka mara mbili tu, utakuwa umemaliza."

Nikasema ntafanya. Sikujua wakati ule kwamba alikuwa amenieleza kwa maneno machache jambo ambalo mtaalamu wetu, aliyekuja kunikagua kila mwezi, alilieleza kwa saa nzima. Mtaalamu alisema ndani ya nyama ya mdomo wa chaza wanaishi wapangaji, mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, na rangi zile kwa sehemu kubwa zinatokana nao. Mwani hupewa pa kukaa, nao hupika chakula kwa jua na kumgawia mwenye nyumba. Maji yakipata moto kupita kawaida, na moto huo ukakaa wiki baada ya wiki, mapatano huvunjika. Mwani huharibika, hutoka, na chaza hubaki mweupe. Bado yu hai, lakini ana njaa. Maji yakipoa mapema, wapangaji hurejea. Yakichelewa, mwenye nyumba hufa. Nililiandika hilo daftarini kwa hati nzuri. Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya ujinga. Niliambiwa mara mbili, na mwanamke aliyelelewa na bahari na mwanamme aliyeisomea.

Basi ikawa kila siku, nikirudi na nguo mbichi mpaka magotini, nasimama penye mlango wa uwani kwake. "Masalkheri, Bi Mize." Naye huuliza mmoja mmoja kwa jina, na mie hujibu. Mwanzoni nilijibu kama karani. Baadaye nikajifunza. Nikasema Hakimu leo kamhukumu kaa aliyepita karibu, kamtemea maji. Nikasema Mpemba anauliza boti ya Wete saa ngapi. Nikamsikia anacheka nyuma ya shuka, kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo kwa upande wa kanga, na Riziki kwenye mbuzi yake akatikisa kichwa akasema, "Muongo mkubwa huyu, dada, usimsikilize." Nilikuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumcheka isipokuwa kwa dhihaka. Nikaanza kutunga njiani, nikirudi kutoka mwambani, nini ntasema leo.

Mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha na jua lililofuata lilikuwa la namna nyengine. Hakukuwa na upepo. Bahari ililala kama mafuta, na maji yakitoka adhuhuri, madimbwi yalichoma vifundo vya miguu. Kipimajoto kilipanda mpaka nikakitikisa nikidhani kimeharibika, nikatumbukiza cha akiba, kikasema vile vile. Wanawake wa mwani walilalamika kwamba mashina yananyauka mikononi. Wakasema na mwamba umeanza kuota mvi. Bi Mize alizisikia habari hizo kwa Riziki, akaniuliza kwa haraka kuliko kawaida: je, wangu? Nikamwambia bado, na siku hiyo ilikuwa karibu na kweli. Walikuwa wameanza kufifia kidogo kwenye kingo, rangi kama ya kanga iliyofuliwa mara nyingi, na mie nikajiambia ni jua tu linanidanganya macho.

Kisha ikaja Idd Kubwa, nikaja mjini. Ruhusa yangu ilikuwa siku tatu. Nilikaa tisa, kwa sababu ya biriani, kwa sababu ya karata za barazani, kwa sababu chumba changu hapa kilikuwa na feni. Niliporudi Bwejuu nilikwenda mwambani siku ile ile, na hata kabla sijalifikia zizi niliona kitu kinang'ara ndani ya maji.

Walikuwa wamekuwa weupe wote. Nataka niseme kweli hapa: walikuwa wazuri. Hilo ndilo linalonirudia. Weupe wenye buluu kwa mbali, kama maziwa yaliyotiwa maji, midomo imeachama chini ya maji yaliyotulia, arubaini, kama vikombe vya chai vilivyopangwa kwa ajili ya wageni ambao hawatakuja. Walikuwa hai. Nilipoinama, kivuli changu kikawapitia na wakajifunga, polepole, mmoja baada ya mwengine, kwa uvivu wa mgonjwa. Bado kulikuwa na wakati. Mlango wa mwamba ulikuwa mbali kama kutoka Malindi mpaka Forodhani, mwendo wa dakika kumi. Kwa kikapu na mtu mmoja wa kunisaidia, maji mawili, kama alivyosema.

Nilirudi kijijini kuomba kikapu. Njiani nikawaza kwamba ntalazimika kusema kwa nini nilichelewa siku sita. Nikawaza wanaume waliokaa penye mashua watakavyoniona mtu wa mjini nimepakata chaza kama yaya, kazi ya wanawake. Nikafika mlangoni bado sijaamua, na kabla sijatoa salamu Bi Mize akasema, na kicheko kimeshaingia ndani ya sauti yake, "Bibi Harusi kanuna, bila shaka. Ulikwenda mjini hukumuaga."

"Kanuna," nikasema. "Lakini rangi zake zile zile."

Akacheka. Nikamsikia anashusha pumzi. Nilikuwa nimeshasema, na neno likishatoka huwa kama mlango uliojifunga kwa nyuma: unaweza kurudi, lakini itabidi ugonge. Nilijiambia kesho ntawahamisha kimya kimya, mambo yatakuwa sawa na sitakuwa nimedanganya. Kesho jua lilikuwa kali. Keshokutwa nikajiambia masika yanakuja, maji yatapoa yenyewe, wapangaji watarejea. Sikumwuliza mtaalamu. Sikumwambia mume wa Riziki. Daftari langu halikuwa na uongo hata mstari mmoja, kila tarakimu ilikuwa sahihi, na kituo kilinisifu baadaye kwa usahihi huo. Uongo wote ulikuwa mdomoni, na ulikwenda nyumba moja tu.

Hakimu alikuwa wa kwanza. Nilisimama juu yake kivuli changu kimemfunika mzima, nikangoja ajifunge, hakujifunga. Samaki wadogo wenye milia walikuwa wanaingia na kutoka. Jioni ile nilisimama penye shuka nikamwambia Bi Mize kwamba Hakimu anamsalimu. Baada ya siku mbili akafuata Mpemba, kisha kila siku watatu, wanne, na kila siku mie nikaleta habari zao: huyu kafanya hivi, yule kasema vile. Nimeshasoma hitma nyingi, nimeosha maiti wa ndugu zangu, lakini sijawahi kuwa karibu na mauti kama katika wiki zile, nikitoka kwa wafu adhuhuri na kuwapa uhai laasiri kwa mdomo wangu, mtu akicheka. Nilianza kuota nimesimama kwenye maji na kivuli changu hakifungi kitu chochote. Ndoto hiyo bado inakuja. Katika maduka ya watalii huku mjini, Gizenga na kule Shangani, huuza magamba meupe kama yale, watu wanawekea sabuni bafuni. Nikiyaona mbele ya duka huvuka upande wa pili wa njia.

Masika yakashuka, upepo wa kusi ukaanza, na kipimajoto kikateremka mpaka pa kawaida. Ndani ya zizi hakukuwa na kilichobaki ila magamba, yamelambwa safi na samaki na pweza, yameachama. Eda ilikuwa inakwisha Jumamosi.

Alhamisi Bi Mize aliniuliza mara ya mwisho. Hakutaja majina siku ile. "Wote wazima?"

"Wote wazima."

"Joto limepita?"

"Limepita."

"Alhamdulillahi," akasema, na Riziki akaacha kukuna nazi. "Jumamosi ntawaona kwa macho yangu. Na wewe ntakupikia mmoja. Uchague wewe mwenyewe, sitakulaumu, hata ukimtaka Bibi Harusi."

Ijumaa alfajiri nilipakia daftari na godoro langu kwenye gari la mwani, nikaja mjini. Nilimwambia mume wa Riziki kwamba kituo kimeniita.

Yaliyotokea Jumamosi nilielezwa na Riziki, mwezi mmoja na kitu baadaye, alipokuja mjini kumtazama mgonjwa akapita kwangu. Alikaa kwenye baraza yangu, akakataa kahawa. Alisema walimtoa dada yake asubuhi, wanawake kumi na tano, wakamkogesha baharini, wakamvisha nguo mpya, na maji yalipotoka wote wakamsindikiza zizini kwa vigelegele, kwa kuwa mwiko umeshaondoka. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Bi Mize aliingia dimbwini na nguo zake mpya, akanyanyua gamba moja, akalitia kidole ndani, akalirudisha alipolitoa kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Wanawake walitazamana. Kama ni joto, joto lilikuwa limepita, na Alhamisi walikuwa wazima, kila mtu alisikia. Chaza arubaini hawafi siku mbili. Mmoja wao, mkubwa wa umri, akasema kwa sauti ndogo, lakini si ndogo ya kutosha, kwamba kuna eda hutoka na kuna eda huvunjika, na zizi la aliyevunja hufa.

Bi Mize alirudi nyumbani, akavua nguo mpya, akavaa zile za eda, akakaa tena. Miezi minne na siku kumi nyengine. Imamu wa pale alimfuata mpaka mlangoni akamwambia sheria haina jambo hilo, muda umekwisha, umekwisha. Alimjibu, "Mie nnaijua yangu," na kurudisha mlango.

Riziki alinieleza yote hayo akiutazama mtaa, kisha akanigeukia. Hakuwa na mzaha hata chembe. "Alhamisi ile," akasema, "uliwaona wazima kwa macho yako?"

Hii ndiyo sehemu ya maisha yangu ambayo ningetoa mengine yote ili niirudie. Uongo wa kwanza naweza kuutafutia sababu: uvivu, aibu, kicheko cha mwanamke. Lakini hapa nilikuwa nimekaa juu ya baraza yangu, sina joto wala haraka, mbele ya mtu aliyekuja kuniuliza kwa wema, na ndani ya nyumba moja Bwejuu kulikuwa na mwanamke anayejifungia kwa kosa ambalo halikuwapo. Neno moja lingemfungulia.

"Niliwaona," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akajifunga vizuri baibui lake, akasema basi Mungu ndiye ajuaye. Miaka ikapita. Nilisikia habari kwa vipande. Bi Mize hakuweka zizi tena. Waliomposa aliwarudisha. Harusini alikaa nyuma, na bibi harusi wa pale hawakupenda awape mkono, si kwa ubaya, kwa tahadhari tu. Mie nilioa, nikalea, nikastaafu, nikawa mzee wa kupewa shikamoo barazani.

Siku ya hitma nilikwenda. Nilisoma juzuu yangu na wanaume, nikala wali, na walipoanza kutawanyika nikamwendea Riziki, aliyekuwa amekaa penye mlango wa jikoni akichambua mchele wa chakula cha jioni. Amezeeka, macho yamekuwa na utando. "Nshazeeka, Bwana Kipimajoto," akasema kabla sijasema mie, "usinitazame hivyo." Nikakaa kwenye tofali. Nikamwambia yote, kuanzia Idd Kubwa, siku tisa, weupe, Hakimu, samaki wa milia. Nikamwambia Alhamisi hakukuwa na hata mmoja hai, na kwamba baada ya hapo alikuja kwangu akaniuliza na nikamdanganya na yeye. Hakunikatiza. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele mpaka nilipomaliza, ndipo vikasimama.

"Unajua yeye alidhani kosa lake ni lipi?" akasema. "Aliniambia mie peke yangu, na nilimwapia. Lakini keshazikwa, na wewe ndiye wa kuambiwa. Kila maji yakitoka, kabla hujaja, alikuwa akijitia wanja. Mwanamke edani, nyuma ya mlango, nyuma ya shuka, mtu hamuoni, anajitia wanja. Ukishaondoka anaufuta." Akapumua. "Akasema Mungu kamuona, na mumewe kamuona, ndio maana chaza wakachukuliwa wote siku mbili kabla eda haijatoka. Akasema hivyo mpaka anakufa."

Nilimwambia nnaomba radhi. Akatikisa kichwa, bila hasira.

"Mie sina radhi ya kukupa, mwenyewe keshaondoka. Inuka. Wanawake wale wale, waliobaki, wapo uwani. Kawaambie."

Nilisimama katikati ya ua ule, kofia mkononi. Walikuwa wanane au tisa, wengi wamekaa kwa kuegemea ukuta kwa ajili ya magoti, wakaacha mazungumzo yao. Nikawaambia kwamba chaza wa Bi Mize waliuawa na joto la maji, waliisha kabla ya masika, na aliyesema uongo siku ya Alhamisi ni mie. Nikasema eda yake ilikuwa timamu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Hilo nililisema mara mbili. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alishika shavu. Mwengine, Bi Mtumwa, aliyekuwa ameshapita miaka themanini, na ndiye, Riziki aliniambia baadaye, aliyesema neno lile penye zizi, alinyanyua mkono kama mtoto darasani na kukunja vidole vyake kimoja kimoja, akihesabu miezi. Alipomaliza akaanza tena, kana kwamba hesabu imemkatalia.

"Kama ya kwanza ilitimia," akasema, "basi ile ya pili alimkalia nani?"

Walinigeukia wote. Riziki, mlangoni pa jikoni, aliinamisha uso kwenye sinia la mchele. Jibu nilikuwa nalo, nimelipata kwa Riziki muda si mrefu uliopita, na kwa mara ya kwanza katika jambo hili nilijua lipi ni langu kulisema na lipi si langu. Nikamwambia Bi Mtumwa sijui. Kisha nikakaa chini, pale pale kwenye mchanga, na mmoja wao akaniletea maji.